UZI: Kabla ya baipasi ya tumbo, uliza kuhusu mianya ya ndani kwanza, kampuni ya stepla baadaye

#1 SistaWaThieta

Wanajukwaa, salamu. Kila anayejiandaa kwa baipasi ya tumbo, ule upasuaji wa kupunguza uzito, akiingia hapa, swali lake la kwanza ni stepla, yaani kifaa cha kukata na kufunga tumbo na utumbo kwa pini. Ya kampuni gani? Ya Marekani au ya China? Watu wanalinganisha bei za katriji za pini kama wanaotafuta vipuri Kirinyaga Road. Mimi ni muuguzi wa thieta, hospitali moja upande wa Upper Hill, na hizo stepla ndizo ninazopakia na kumkabidhi daktari mkononi. Niwaambie nionavyo. Mgonjwa anayerudishwa thieta usiku, mwaka au miaka miwili baada ya kupungua vizuri, kwa kawaida jina la kampuni halina neno hapo. Utumbo wake umepenya kwenye mwanya uliobaki wazi ndani, ukajisokota. Hiyo ndiyo henia ya ndani. Na kabla ya kutufikia ameshazungushwa kliniki kadhaa akipewa dawa ya ulsa.

Operesheni yenyewe iko hivi. Daktari anakata tumbo kwa stepla na kuacha kifuko kidogo juu, cha mililita 15 hadi 30, pale umio unapoishia. Tumbo kubwa halitolewi. Linabaki mahali pake, limefungwa, chakula hakipiti tena. Kisha anakata utumbo mwembamba, sentimita 50 hadi 100 kutoka unapoanzia, na upande wa chini anaupandisha hadi kwenye kifuko. Hiyo ni njia ya chakula. Upande wa juu, unaobeba nyongo na maji ya kongosho, anauunganisha na njia ya chakula huko chini, mbele sentimita 100 hadi 150. Kwa hiyo mtu anatoka na viungio viwili: cha juu kati ya kifuko na utumbo, cha chini kati ya utumbo na utumbo. Ukichora ni herufi Y, na jina la Roux mnalolisikia ni la César Roux, mpasuaji wa Lausanne, Uswisi.

Sasa njooni kwenye utando. Ukienda soko la nyama la Burma ukaomba matumbo kabla hayajasafishwa, utaona utumbo haukai peke yake. Umeshikwa na utando mpana wenye mafuta na mishipa ya damu, na mizizi ya huo utando iko mgongoni. Madaktari wanauita mesentari. Sisi nasi tumeumbwa vivyo hivyo. Ukikata utumbo na kuupandisha, utando nao unapanda, na pale pande zake mbili zinapokaribiana bila kushonwa panabaki mwanya.

Mwanya wa kwanza uko penye kiungio cha chini. Wa pili uko nyuma ya njia ya chakula, kati ya utando wake na utando wa utumbo mpana. Huo unaitwa mwanya wa Petersen, kwa jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka wa 1900, enzi ambayo hakuna aliyepasuliwa kwa ajili ya uzito. Daktari akiipenyeza njia ya chakula katikati ya utando wa utumbo mpana badala ya kuipitisha mbele yake, anaongeza mwanya wa tatu. Ndiyo maana wengi siku hizi wanapitisha mbele.

Siku ya upasuaji mianya hii ni myembamba, mafuta yameibana. Mtu akishapungua kilo 30 au 40, mafuta ya kwenye utando nayo yanakwisha, mwanya unapanuka. Kwa hiyo anaugua wakati ambapo ndugu na jirani wanamsifia alivyopendeza. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: upasuaji wa matundu madogo, ambao kwa baipasi uliripotiwa mara ya kwanza mwaka wa 1994 huko Marekani, hauachi makovu mengi ndani. Makovu hayo ndiyo yaliyokuwa yanagandisha utumbo mahali pamoja. Sasa hivi utumbo unateleza utakavyo, mwanya nao unaungojea.

Kwa hiyo ukikaa mbele ya daktari wako, uliza: mianya yote utaifunga? Kwa uzi au kwa pini? Na kiungio cha chini utakitengenezaje? Mkitaka niingie kwa undani niulizeni, niko likizo wiki hii.

#2 Kijana_Rongai

Nimefungua nikidhani ni habari ya msongamano wa Northern Bypass pale Ruaka. Basi nimekwama hapa nasoma mambo ya matumbo na chai mkononi. Sista endelea.

#3 MamaWaUmoja

Sista, pole na kazi. Mimi nina tarehe mwezi ujao. Daktari wangu alitaja "stepla ya henia" nikaitikia tu kichwa. Ni ile ile inayokata utumbo? Na hizo pini zinakaa ndani maisha yote? Nikipita JKIA kumuona binti yangu Doha, mashine haitalia nikavuliwa viatu mbele ya watu?

#4 SistaWaThieta

Mama, ni stepla mbili tofauti kabisa.

Ya kukata ina taya mbili ndefu, 45 au 60 milimita. Ukiibana, inashindilia safu sita za pini na kisu kinapita katikati, safu tatu zikabaki kila upande. Pini inaingia ikiwa wima, inagonga upande wa pili na kujikunja kama herufi B, ili damu ndogo ya kulisha nyama iendelee kupita. Katriji zina rangi kulingana na urefu wa pini. Nyeupe ni milimita 2.5 ikiwa wazi na 1 ikishafungwa. Bluu ni 3.5, ikifungwa 1.5. Utumbo mwembamba, jina lake lishasema, kwa kawaida ni nyeupe, au bluu ukiwa mnene kidogo. Tumbo lina nyama nene, huko tunapanda rangi nyingine. Kuna kampuni zenye rangi zao, kwa hiyo msije mkaenda kugombana na daktari kuhusu rangi.

Stepla ya henia haina kisu. Inapiga pini moja moja, na ilitengenezwa kwa kubandika wavu wa henia. Kwenye mianya, daktari anashika kingo mbili za utando, anazileta pamoja, anapiga pini, anasogea kidogo, anapiga nyingine, kuanzia kwenye mzizi hadi kwenye utumbo. Wanaoipenda wanasema ni ya haraka, na pini haizami sana, kwa hiyo haitoboi mishipa ya damu iliyo ndani ya utando. Wanaopenda uzi wanatumia uzi usioyeyuka, mshono mmoja mrefu usiokatwa. Uzi unaoyeyuka haufai hapo. Mwanya unapanuka mwaka wa kwanza na wa pili, uzi umeshakwenda zake.

Pini ni za titani. Zinabaki ndani, hazitolewi. Titani haivutwi na sumaku, kwa hiyo hata kipimo cha MRI unafanyiwa, mwambie tu mpimaji. JKIA nenda na soksi safi, viatu utavua kwa sababu zao wenyewe.

#5 DaktariMwanagenzi

Niko mafunzoni, upasuaji wa jumla. Sista amesema kweli, ila watu wasiondoke wakidhani kufunga mianya hakuna gharama.

Utafiti mkubwa kuhusu jambo hili ni wa Uswidi: wagonjwa 2,507, hospitali 12, matokeo yakatoka kwenye jarida la The Lancet mwaka wa 2016. Waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilifungwa mianya kwa uzi usioyeyuka, lingine likaachwa wazi. Kufikia miaka 3, waliorudishwa thieta kwa utumbo kuziba walikuwa asilimia 10.2 upande wa walioachwa wazi na asilimia 5.5 upande wa waliofungwa. Pengo ni kubwa. Lakini tazama siku 30 za kwanza. Matatizo makubwa yalikuwa asilimia 4.3 kwa waliofungwa na 2.8 kwa walioachwa. Sababu kubwa ilikuwa kiungio cha chini kupindika. Mshono unavuta utando, utando unavuta utumbo, kona inakunjika, njia inaziba.

Kwa hiyo "umefunga?" ni nusu ya swali. Nusu nyingine ni "umefungaje bila kukunja kiungio?" Hapo ndipo mkono wa daktari na mazoea yake vinapoonekana.

#6 SistaWaThieta

Daktari, umenipunguzia kazi, maana hapo ndipo stepla inapopata heshima yake.

Kiungio cha chini kinatengenezwa hivi. Mikono miwili ya utumbo inalazwa ubavu kwa ubavu. Kila mmoja unatobolewa tundu dogo, taya moja ya stepla inaingia huku na nyingine kule, inabanwa. Daktari mzoefu hapigi papo hapo. Tunahesabu sekunde 15 hivi, majimaji yaliyo kwenye nyama yasukumwe pembeni, utumbo uwe mwembamba vya kutosha pini zifunge sawasawa. Mtu wa nusukaputi anajua, hata simu hapokei hapo. Ndipo inapigwa, na kisu kinafanya mifereji miwili kuwa mmoja.

Stepla ikitoka, linabaki tundu la kuingilia. Hilo tundu ndilo la kuogopwa. Daktari akilifunga kwa stepla nyingine kwa kufuata urefu wa utumbo, akashika nyama nyingi mno, ameubana mlango alioufungua sasa hivi. Kwa hiyo kuna wanaolishona kwa mkono, taratibu, uzi na sindano. Na kuna wanaotumia mapigo matatu: pigo la kwanza kuelekea upande mmoja, stepla inageuzwa, pigo la pili kuelekea upande wa pili, mlango unakuwa mrefu, kisha pigo la tatu linafunga tundu kwa kukingama, halifuati urefu. Mlango ukiwa mpana namna hiyo hauzibiki kirahisi, hata utumbo ukivimba siku za mwanzo. Ubaya wake ni katriji moja zaidi kwenye bili, na Mama wa Umoja atakwambia bili si mchezo.

Halafu kuna mshono mmoja mdogo ambao mgonjwa hawezi kuujua asipoambiwa. Mpasuaji wa Marekani aitwaye Brolin aliuandika mwaka wa 1995: unashika njia ya chakula na njia ya nyongo pamoja, karibu na kiungio, ili kona isijikunje. Ni dakika mbili tatu za kazi. Nikiwa zamu na daktari anayeuweka, sindano huwa nimeshaiandaa kabla hajaniomba.

Na pini zenyewe zinaweza kuleta kizuizi kwa njia nyingine. Pini ikiwa ndefu kuliko nyama inavyohitaji, haibani mishipa, damu inavujia ndani ya utumbo, inaganda, donge linakwenda kukaa kwenye kiungio cha chini. Hiyo ni siku mbili tatu za kwanza. Nyongo inakosa pa kutokea, na lile tumbo kubwa lililofungwa linajaa. Halina mlango wa juu, kwa hiyo mgonjwa hawezi kulitapika. Mkimlaza ndugu yenu wodini, akaanza kwikwi isiyokoma, maumivu ya bega la kushoto, mapigo ya moyo yakapita 120 kwa dakika, msikubali kuambiwa ni wasiwasi wa mgonjwa.

#7 MwalimuMstaafu

Nawasoma kwa makini, wanangu. Nilifundisha sayansi, ngoja nichangie la kwangu. Stepla ya kwanza ya upasuaji ilitengenezwa Budapest mwaka wa 1908 kwa ajili ya daktari Hümér Hültl. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 3 na kuiunganisha vipande vyake kulichukua muda mrefu. Alikuwa anaogopa uchafu wa tumbo kumwagika ndani, si kizuizi. Mhungari mwenzake, Aladár Petz, akaifanya nyepesi miaka ya 1920. Baada ya vita vikuu vya pili Wasovieti wakaendeleza fani hiyo Moscow, na mwaka wa 1958 Mmarekani Mark Ravitch akaikuta Kiev, akaipeleka kwao. Hizi mnazosema ni za Marekani zina babu zake Hungaria na Urusi.

Baipasi yenyewe ni ya Edward Mason, Chuo Kikuu cha Iowa, miaka ya 1960. Alikuwa ameona wagonjwa waliokatwa tumbo kwa ajili ya vidonda wakipungua uzito na kushindwa kuurudisha.

#8 ChaiYaAsili_254

Kwa nini upasuliwe? Chai yangu inayeyusha kitambi kwa wiki

#9 Msimamizi

Tangazo limekatwa, mhusika amepewa onyo. Endeleeni.

#10 Kijana_Rongai

Mimi nauliza kama mjinga. Kama mianya ndiyo shida, si mtu afanye ile nyingine, sliivu, ambayo tumbo linapunguzwa tu na utumbo hauguswi? Shangazi yangu alifanyiwa hiyo na sasa anatembea Karura kila Jumamosi kutuaibisha.

#11 DaktariMwanagenzi

Si ujinga, ni swali zuri. Sliivu haigusi utumbo, kwa hiyo haina mwanya wa Petersen wala mwanya wa kiungio. Henia ya ndani ya aina hii haipo huko. Lakini ina kubana kwake. Tumbo linakatwa kwa stepla kandokando ya bomba la mpira linalopitishwa mdomoni, kwa kawaida lenye unene wa kati ya namba 32 na 40. Chini kidogo ya katikati ya tumbo kuna kona ya asili. Stepla ikiikaribia mno kona hiyo, au safu ya pini ikipinda kama ngazi ya mzunguko, chakula kinakwama hapo, mtu anatapika hata maji. Tena sliivu inaweza kuzidisha kiungulia, kwa hiyo mwenye kiungulia kibaya mara nyingi anaelekezwa kwenye baipasi.

Kuna ya tatu, baipasi ya kiungio kimoja, iliyoanzishwa na mpasuaji Rutledge mwaka wa 1997. Utumbo haukatwi, unavutwa tu na kuunganishwa ubavuni mwa kifuko kirefu. Kiungio cha chini hakipo, kwa hiyo mwanya wake haupo. Wa Petersen bado upo, na wapo waliokwisha kunaswa humo. Anayekwambia operesheni yake haiwezi kuziba, muage kwa heshima.

#12 DadaWaKayole

Nimekuwa nikisoma kimya lakini hii lazima nichangie. Mimi nilifanyiwa baipasi Uhindi. Kurudi nyumbani nikapungua, nguo zote nikagawa. Mwaka wa pili maumivu yakaanza, chini ya mbavu za kushoto, yanakuja nikishakula, yanashika, yanaachia. Siku moja nilikula nusu chapati na kamande, nikapanda matatu ya kwenda kazini, kufika Donholm nimejikunja kichwa magotini, kondakta akanisogezea mfuko wa plastiki akidhani nitatapika. Sikutapika. Hilo ndilo lililonichanganya na kuwachanganya wao pia. Hospitali niliyokwenda walipiga eksirei, ikawa safi. "Ni gesi, mama. Ni vidonda." Dawa za ulsa zikajaa droo. Siku nyingine ikafika maumivu hayaachii, ndugu yangu akanipeleka kwa mpasuaji aliyewahi kuona watu kama mimi. Alibonyeza tumbo, akauliza kama nchini Uhindi walifunga mianya. Sikujua mianya ni kitu gani. Karatasi ya kutokea hospitali ilisema tu "operesheni imefaulu". Usiku huo huo nikaingizwa thieta, utumbo ulikuwa umepita Petersen. Nashukuru haukuwa umeoza.

#13 SistaWaThieta

Pole sana dada yangu. Umesema jambo ambalo ningeweza kuliandika mara kumi bila kueleweka kama ulivyolieleza wewe.

#14 DaktariMwanagenzi

Dada, pole. Na nawaeleza wengine kwa nini hakutapika, kwa sababu hata sisi madaktari wa zamu ya usiku tunanaswa hapo. Tumezoea kwamba utumbo ukiziba mtu anatapika kijani, tumbo linavimba, eksirei inaonyesha ngazi za maji na hewa. Kwa mtu wa baipasi, kifuko ni kidogo, hakina cha kutapika. Nyongo kwa kawaida haipandi tena huko juu, kwa hiyo mara nyingi hutaona kijani. Ikiwa kilichoziba ni njia ya nyongo, chakula kinaendelea kupita vizuri na mtu anakwenda hata choo, huku tumbo lililofungwa linajaa kimya kimya. Mpira wa puani tunaoutegemea unaishia kwenye kifuko. Haufiki kwenye tumbo lile.

Kinachosaidia ni CT skani, na anayeisoma awe ameambiwa kwamba huyu alifanyiwa baipasi. Anatafuta mishipa ya utando iliyojizungusha kama maji yanayoingia kwenye shimo la sinki. Lakini skani ikiwa safi na maumivu yapo, jibu si kumrudisha mtu nyumbani. Anaingizwa kamera tumboni kwa matundu madogo, aangaliwe. Henia hizi zinaingia na kutoka, skani inaweza kupigwa wakati imetoka.

Mkifika thieta, kwa wenzangu wanaosoma: usianze kuufuata utumbo kutoka juu, utachanganyikiwa uko kwenye mkono upi. Anza mwisho, pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye mpana, ufuate kurudi nyuma. Mara nyingi henia inajivuta yenyewe kutoka unapoifuata hivyo. Kisha funga mianya kabla ya kutoka.

#15 MrembouWaThikaRoad

Na mwenye mimba je? Nilifanyiwa mwaka juzi, sasa niko miezi saba, na nina kamaumivu upande wa juu. Kliniki ya wajawazito wanasema ni mtoto anapiga teke.

#16 DaktariMwanagenzi

Dada, usisubiri majibu ya jukwaa. Mimba inasukuma utumbo juu, na miezi mitatu ya mwisho ndiyo hatari zaidi kwa henia ya ndani. Inaweza kuwa teke, sawa, lakini wewe huwezi kujua, na mimi siwezi kujua kwa simu. Leo hii nenda hospitali yenye mpasuaji na daktari wa uzazi pamoja, na neno la kwanza utakalotamka mapokezi liwe "nilifanyiwa baipasi ya tumbo". Kuhusu kuogopa skani kwa sababu ya mtoto: madaktari wako watapima, lakini utumbo ulionyongwa ni hatari kwa nyote wawili kuliko picha moja.

#17 MrembouWaThikaRoad

Natoka sasa. Mume amewasha gari.

#18 MamaWaUmoja

Nimetoka kwa daktari mchana huu, na maswali yenu yote nilikuwa nimeyaandika nyuma ya risiti ya Naivas. Mwanzoni alishangaa, kisha akacheka, akavuta karatasi na kunichorea. Anapitisha njia ya chakula mbele ya utumbo mpana, kwa hiyo mianya ni miwili. Wa kiungio cha chini anaushona kwa uzi usioyeyuka. Wa Petersen anaupiga pini. Tundu la kiungio anashona kwa mkono, na ule mshono wa kuzuia kona anauweka kwa kila mgonjwa. Nilipomuuliza kwa nini hatumii mapigo matatu akasema amezoea mkono wake na matokeo yake anayajua. Nikaona ni jibu la mtu mkweli.

Nikaomba na karatasi ya kutokea iandike hayo yote: urefu wa kila njia, mianya ipi imefungwa na kwa kitu gani. Amekubali. Nitaipiga picha niiweke kwenye simu ya mume na ya binti.

Kimoja kimenikera. Bima ya kazini imeandika kwamba haigharamii upasuaji wa kupunguza uzito "na matatizo yatokanayo nao". Hayo maneno ya mwisho nilikuwa sijayaona. Yaani nikija kupata henia mwaka wa pili, ni mfuko wangu?

#19 SistaWaThieta

Mama, hongera, umeuliza kuliko wengi. Maneno ya bima yapeleke kwa mtu wa rasilimali watu kabla ya tarehe, waombe wakuandikie kwa barua kama operesheni ya dharura ya utumbo kuziba inahesabiwa ndani ya hayo matatizo. Mdomo usiukubali. Kuna wanaolipa kama dharura, kuna wanaokataa, na mabishano hayo hufanyika mgonjwa akiwa ameshalala kwenye kitanda cha magurudumu. Ukikosa barua, anza akiba ndogo ya pembeni.

Daktari akikupa ruhusa ya vyakula vigumu, angalia nyuzinyuzi. Kifuko hakisagi kama tumbo la zamani, na nyuzi za embe, utando mweupe wa chungwa au makapi ya miwa vinaweza kufungamana na kukwama kwenye kiungio, hata kama mianya imefungwa vizuri. Sukuma wiki kata nyembamba, ule uti wa katikati utoe. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofen usinunue dukani bila kuuliza, zinaleta kidonda kwenye kiungio cha juu.

#20 MamaWaUmoja

Miwa nimeacha, embe je? Ninaishi na mti wa embe uani.

#21 SistaWaThieta

Zile zisizo na nyuzi, iliyoiva sana, kijiko kimoja kimoja, utafune mpaka iwe uji. Za nyuzi waachie watoto.

#22 MrembouWaThikaRoad

Wadau, nimelazwa. Skani imeonyesha utando umejizungusha, naingia thieta saa hii, kwa kamera. Mtoto anapiga moyo vizuri. Nitaandika nikitoka.

#23 DaktariMwanagenzi

Waonyeshe karatasi ya operesheni ya kwanza kama unayo. Kama huna, waambie mwaka na hospitali, wapige simu.